Dawa Pekee Haitoshi: Tumsaidie Mgonjwa wa Parkinson Aendelee Kutembea, Kusema na Kuswali

Katika misikiti yetu mingi yumo mzee ambaye mkono wake mmoja hutetemeka ukiwa umetulia juu ya paja. Hatua zake zimefupika, miguu anaiburuza, na uso wake umekakamaa kama wa mtu aliyekasirika ilhali hana kinyongo na yeyote. Sauti iliyokuwa ikisikika hadi safu ya mwisho sasa haimfikii hata aliye ubavuni mwake. Wapo wasemao kuwa huo ni uzee, wapo wanaodhani ni kiharusi, na hawakosekani wanaonong'ona habari za majini na husuda. Lakini dalili hizi zikikutana kwa mtu mmoja, yafaa tufikirie maradhi ya Parkinson, yaliyopewa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeyaeleza katika andiko lake la mwaka 1817.

Ndani ya ubongo zimo seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo kwayo ubongo huongoza mwendo wa viungo. Katika maradhi haya seli hizo hufa kidogo kidogo. Hayaambukizi, na wala si aibu kwa familia. Bondia Muhammad Ali, ndugu yetu katika imani, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1984. Mwaka 1996 alisimama mbele ya ulimwengu mjini Atlanta, mkono ukimtetemeka, akawasha mwenge wa Olimpiki. Aliishi hadi mwaka 2016.

Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini ipo levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, ambayo hupunguza ukakamavu na uzito wa viungo. Hata hivyo, dawa hiyo haitengenezi kila kitu. Mizani ya mwili, sauti na umezaji mara nyingi haviitikii dawa kama vinavyoitikia viungo vingine. Hapo ndipo zinapohitajika tiba za utengamao: mazoezi ya viungo, tiba kwa vitendo na tiba ya usemi.

Huruma inayodhoofisha

Familia nyingi, kwa mapenzi na heshima, humwambia mzee: "Baba, kaa, usijisumbue." Mwana humkataza kwenda msikitini asije akaanguka, mkwe humlisha kwa mkono wake, na mjukuu humvisha kanzu. Nia ni njema, ila matokeo yake ni mabaya. Misuli isiyotumika hudhoofu, viungo huzidi kukakamaa, na anayeogopa kuanguka hupunguza mwendo hadi akawa dhaifu zaidi na mwepesi zaidi wa kuanguka. Kuwafanyia wazazi wema hapa ni kumpa mzee nafasi na muda wa kufanya mwenyewe kile anachokiweza, nasi tukawa karibu naye.

Miguu inapoganda

Mgonjwa wa Parkinson huweza kuganda ghafla, hasa mlangoni au anapogeuka, akahisi kama nyayo zimegandishwa sakafuni. Kumvuta mkono ni kumwangusha. Mwache asimame, atulie, ahamishe uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha anyanyue hatua moja kubwa.

Wataalamu wa fiziotherapia hutumia pia vielekezi. Mistari iliyochorwa sakafuni kwa nafasi ya hatua moja, au mdundo wa kuhesabu "moja, mbili, moja, mbili", humwezesha mtu ambaye miguu ilikuwa imemgomea kutembea tena. Sababu ni kwamba ule mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe sasa unaongozwa kwa macho, kwa masikio na kwa makusudi.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa Tanzania. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waligundua kuwa wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote jina la maradhi yao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao hawakuwa wameanza dawa walifundishwa kutembea kwa vielekezi kwa muda wa wiki chache, na mwendo wao ukaboreka. Hatusemi hivyo ili mtu aache dawa, kwani kukatiza levodopa ghafla ni hatari. Tunasema ili ajuaye kuwa hana uwezo wa kununua mashine asidhani kuwa hana la kufanya. Utepe wa rangi sakafuni na sauti ya mjukuu anayehesabu ni mwanzo mzuri, baada ya mtaalamu kuelekeza.

Sauti na mmezo

Mgonjwa hushusha sauti bila kujua, na anapoambiwa apaze huona kama anapiga kelele, ilhali wenziwe wanaisikia kuwa ya kawaida. Njia moja mashuhuri ya tiba ya usemi, iliyoanzia Marekani katika miaka ya 1980, humfunza jambo moja tu: kupaza sauti kwa makusudi, vikao vinne kwa wiki kwa muda wa wiki nne, pamoja na mazoezi ya kila siku nyumbani. Kwa Muislamu, mazoezi hayo ya nyumbani yana mlango ulio wazi. Asome Qur'ani kwa sauti kila siku, akivuta pumzi ya kutosha, huku mmoja wa familia akiketi upande wa pili wa chumba na kumwambia kama anasikika.

Umezaji nao uangaliwe. Anayekohoa kila anywapo maji, au ambaye sauti yake huwa ya majimaji baada ya kula, huenda chakula kinamwingia njia ya hewa, na hilo huleta nimonia. Aketi wima, ale taratibu, tonge dogo dogo, asisemeshwe akiwa anatafuna, kisha afikishwe kwa daktari.

Nyumbani na msikitini

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huangalia namna mtu anavyoishi. Kijiko chenye mpini mnene hushikika kuliko chembamba. Viatu vyenye kushika kisigino ni salama kuliko kandambili. Mkeka uliojikunja ncha uondolewe njiani, na chooni pawekwe chuma cha kushikilia. Kugeuka kufanywe kwa mzunguko mpana.

Kwa kamati za misikiti, sisi tukiwamo, wajibu ni mwepesi na gharama yake ni ndogo: chuma cha kushikilia na kiti mahali pa kutawadhia, viti imara mwishoni mwa safu, na njia isiyozibwa na viatu mlangoni. Hadithi ya Imran bin Huswayn (r.a.), iliyopokewa na Imam Bukhari, inatufundisha kuwa asiyeweza kuswali kwa kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Ruhusa hiyo ipo ili aendelee kuswali, basi isigeuzwe kuwa sababu ya kumwacha nyumbani. Anayeweza kusimama, kurukuu na kusujudu ainuke polepole, kwani shinikizo la damu la wagonjwa hawa huweza kushuka ghafla wainukapo.

Katika Ramadhani, anayetumia levodopa asijiamulie mwenyewe. Dawa hiyo hunywewa kwa saa maalumu mchana na usiku. Aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, kisha amuulize sheikh, kwani Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, na kuomba rufaa. Huduma za fiziotherapia zinapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Mnazi Mmoja Zanzibar. Mapema ndiyo bora, maana mwili ambao bado una nguvu hujifunza kwa wepesi. Wala tusimsahau anayeuguza, aghalabu mke au binti, ambaye naye huchoka. Kumpokea zamu alasiri moja kwa wiki ni sadaka.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na kujitibu hakupingani na kutawakali. Kidonge ni sehemu ya tiba, na hatua anayoipiga mzee kwa mguu wake mwenyewe ni sehemu nyingine. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na awape subira wanaowahudumia. Amin.