Timu Inayovunjika Kila Mwaka

Kocha wa klabu akipata kikosi kizuri, hukifunga kwa mikataba na kukaa nacho miaka mingi. Kocha wa chuo kikuu hana nafasi hiyo. Mchezaji wake ana misimu 4 tu. Akihitimu, anaondoka na yote aliyofundishwa. Kila mwaka wakongwe huaga, na mahali pao huingia vijana wa miaka 18 ambao hawajazoeana hata kupigiana pasi. Kwa hiyo kazi ya kocha wa chuo haipimwi kwa kikombe kimoja. Hupimwa kwa swali hili: amejenga nini kinachobaki wachezaji wanapokwenda zao?

Sijui maisha yanayolijibu swali hilo vizuri zaidi kuliko ya Pat Summitt, aliyeifundisha timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kwa misimu 38.

Alizaliwa mwaka 1952 huko Clarksville, Tennessee, akakulia shambani kwenye tumbaku na ng'ombe wa maziwa. Shule ya sekondari ya eneo lao haikuwa na timu ya wasichana, kwa hiyo familia ikahamia Henrietta, jirani tu, ili binti apate kucheza. Mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee kwa dola 250 kwa mwezi. Baadhi ya wachezaji aliwazidi umri kwa mwaka mmoja tu. Jezi alizifua mwenyewe, na safarini aliendesha gari la timu mwenyewe. Wakati huohuo alikuwa akisomea shahada ya pili na kulirudishia nguvu goti lililoumia, na mwaka 1976 alicheza Olimpiki ya Montreal, ya kwanza kuwa na mpira wa kikapu wa wanawake, akarudi na medali ya fedha. Miaka 8 baadaye aliiongoza Marekani akiwa kocha, ikatwaa dhahabu Los Angeles.

Mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga. Katika sekondari za Tennessee wasichana walicheza 6 kila upande: 3 wa kushambulia na 3 wa kulinda, wala hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Binti angeweza kumaliza shule bila kujifunza kulinda hata siku moja. Summitt alipinga kanuni hiyo waziwazi hadi ikaondolewa. Nyuma yake kulikuwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Ni sheria hiyo iliyofungua mlango wa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo wa kike. Mashindano ya taifa ya wanawake chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yalianza mwaka 1982. Summitt alitwaa taji la mashindano hayo mara ya kwanza mwaka 1987, katika msimu wake wa 13.

Sehemu kubwa ya kazi ya kocha wa chuo hufanyika nje ya mechi. Kwanza ni usajili: kufunga safari hadi nyumbani kwa binti, kuketi na wazazi wake na kuwaeleza mtoto wao atalelewaje. Mwaka 1990 uchungu wa uzazi ulimshika Summitt akiwa Pennsylvania kwenye ziara ya namna hiyo. Akarudi kwa ndege, na mwanawe akazaliwa Tennessee.

Halafu ni mazoezi. Summitt alitilia mkazo ulinzi na ribaundi, yaani kugombea mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Naamini hapo ndipo ilipo siri ya misimu 38. Mtupaji hodari ni kipaji, na akihitimu huondoka nacho. Lakini kuinama magoti, kumzuia mpinzani kwa mgongo na kuufuata kila mpira ni nidhamu inayoweza kufundishwa upya kila mwaka. Ili wajifunze kukabili nguvu na kasi, aliwapambanisha mazoezini na vijana wa kiume wa chuo.

Tatu ni darasa. Wachezaji wake walitakiwa kuketi katika safu 3 za mbele, na kutoroka kipindi kulikuwa kosa la kumweka mtu benchi. Uwanjani alishinda michezo 1,098 na mataji 8 ya taifa. Rekodi yake ya ushindi ilivukwa Desemba 2020 na Tara VanDerveer, wakati huo kocha wa Stanford. Lakini rekodi yake ya darasani haiwezi kuvukwa, inaweza tu kufikiwa: kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza Tennessee chini yake alipata digrii.

Kuna jambo linalonisikitisha katika historia hii. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni Marekani zilifundishwa na wanawake. Fedha na heshima zilipoingia, wanaume wakazifuata, na leo makocha wanawake hawafiki nusu. Mlango uliofunguliwa kwa wachezaji uliwabana walimu wao. Ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba Summitt aliwalea makocha pia.

Agosti 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu taratibu. Hakuondoka mara moja. Msimu huo wasaidizi wake walibeba sehemu kubwa ya kazi, wakiongozwa na Holly Warlick, aliyewahi kuchezea timu hiyohiyo chini yake. Tennessee ilishinda michezo 27. Aprili 2012 Summitt alistaafu, na Warlick akashika nafasi yake. Summitt alifariki Juni 2016, akiwa na miaka 64.

Katika msimu ule wa mwisho kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kocha mwenyewe, lakini mazoezi yalifanyika, ribaundi ziligombewa, na safu 3 za mbele darasani zilikuwa na watu.