Toroli la kienyeji laokoa plau, mgongo na muda wa mkulima

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Munanila, katika wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, anajua thamani ya zana. Katika miinuko hii ya mkoa wa Kigoma, ambako maharage, mahindi na migomba hulimwa hadi kwenye miteremko, jembe la mkono bado linafanya sehemu kubwa ya kazi. Trekta au pawatila inapopatikana, mara nyingi ni mali ya kikundi au ya mfanyabiashara anayelimia wenzake kwa malipo.

Kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa katika halmashauri nyingi nchini. Mengi yalisemwa kuhusu kununua mashine. Machache yalisemwa kuhusu mahali pa kuweka plau, haro na rotateva msimu unapokwisha.

Matokeo yake ni zana kuachwa pale trekta lilipozishusha, chini ya mwembe au kando ya shamba. Masika yakiisha mwezi Mei, zinakaa hapo hadi mvua za Oktoba. Sahani hushika kutu, na beringi huingia maji na mchanga. Sahani yenye kutu haitelezi udongoni. Udongo huigandia, trekta huvuta kwa shida na dizeli huliwa zaidi.

Uzito wenyewe

Plau ya sahani tatu inaweza kufikia kilo 350 au zaidi. Wanaume wanne wakiibeba, kila mmoja anachukua karibu kilo 90, yaani pungufu kidogo tu ya gunia la mahindi la kilo 100. Mmoja akiteleza, mzigo wote unawaelemea watatu, na aghalabu mguu wa mtu ndio unaoumia. Ndiyo sababu wengi huona heri kuiacha nje.

Dawa yake ni toroli fupi linalotengenezwa na fundi wa kuchomelea au hata seremala wa kijijini. Jirani zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hubeba mizigo mizito kwa chukudu, chombo cha mbao ambacho magurudumu yake huvikwa mpira wa tairi kuukuu. Basi ufundi wa aina hii si mgeni katika ukanda huu.

Namna ya kulitengeneza

Kwanza, pima sehemu ambazo plau hugusa ardhi inapokuwa imekaa. Kitanda cha toroli kizidi vipimo hivyo kwa sentimita 15 kila upande. Tumia chuma cha pembe au mbao ngumu zilizokauka vizuri, zikazwe kwa bolti na nati. Misumari hulegea mzigo unapotikisika.

Pili, chagua magurudumu makubwa. Yale madogo ya chuma yanayofungwa kwenye meza yanafaa sakafu ya saruji tu. Kwenye udongo huzama. Tairi nne za wilbaro zinatosha. Kumbuka kwamba kwenye ardhi yenye mabonde gurudumu moja huweza kuning'inia, mzigo ukabaki kwa matatu. Kwa hiyo, kwa plau ya kilo 350, kila gurudumu liweze kubeba angalau kilo 120.

Tatu, kitanda kikae katikati ya magurudumu, kisiwe juu yake. Kikiwa chini, toroli halipinduki kirahisi na trekta halilazimiki kuinua plau juu sana. Magurudumu yote manne yasiwe ya kugeuka. Toroli liende mbele na nyuma tu, na panapohitajika kulipinda, tumia mtaimbo.

Kupakia na kuhifadhi

Weka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu. Dereva arudi nyuma taratibu, ashushe plau juu ya kitanda, azime injini, kisha pini zitolewe. Mtu yeyote asisimame kati ya trekta na toroli wakati trekta linarudi nyuma. Kabla ya kusukuma, funga plau kwa mnyororo.

Kwa wakulima wa milimani, tahadhari ni kubwa zaidi. Toroli hili si la kusafirishia zana kutoka shambani. Hiyo ni kazi ya trekta. Toroli ni la hatua chache za mwisho, mahali palipo tambarare, kutoka mlangoni hadi ndani ya banda. Kwenye mteremko kilo 350 hazizuiliki kwa mikono, na anayesimama upande wa chini anahatarisha maisha yake.

Plau ikishafika ndani, iondolewe udongo wote, ikauke, sahani zipakwe oili chafu na beringi zitiwe grisi. Tegemeza kitanda kwa matofali au magogo ili tairi zisibebe mzigo miezi yote ya kiangazi. Mbolea ya chumvichumvi isiwekwe banda hilo hilo, kwani huharakisha kutu.

Faida kwa mfanyabiashara

Mwenye trekta la kukodisha hupata faida nyingine. Mvua ya kwanza ikinyesha, wateja wote huja siku moja. Plau iliyo juu ya toroli husogezwa kidogo kidogo hadi ilingane na mikono ya trekta, na watu wawili wanaifunga bila kusubiri kundi la kunyanyua. Asubuhi iliyookolewa ni shamba la mteja mmoja zaidi.

Vikundi vinaweza kuchangia toroli moja kwa kila zana nzito. Kabla ya kumwagiza fundi, ulizia bei ya sahani na beringi mpya, kisha linganisha na gharama ya vyuma chakavu na tairi nne. Kwa ushauri wa michoro na uchomeleaji, ofisi ya SIDO mkoani Kigoma ni mahali pa kuanzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye plau, ufa huanza siku anapoiacha mvuani.