Hesabu za Mabadiliko (3): Kwa Nini Tunatoa?

Katika sehemu ya pili tuliona namna ya kupata derivativu ya funksheni mbili zinazozidishwa. Leo ni zamu ya kugawanya, mahali ambapo wanafunzi wengi hukariri kanuni kisha wakasahau kipi kinatolewa kwenye kipi. Dai langu ni kwamba hakuna haja ya kukariri: kanuni ni ile ile ya kuzidisha, imegeuzwa tu. Njia ya mkato inayomjia kila mtu ni kugawanya derivativu ya kiasi kwa derivativu ya asili. Leibniz mwenyewe, mmoja wa waasisi wa hesabu hizi, alilipima wazo hilo katika maandishi yake ya Novemba 1675. Kanuni sahihi aliichapisha mwaka 1684 katika jarida la Acta Eruditorum. Ubovu wa mkato huo hauhitaji ushahidi mrefu. x³ ikigawanywa kwa x ni x², na derivativu yake ni 2x. Mkato unatupa 3x².

Basi tuanzie kwenye tunachokijua. Kama h = f/g, basi f = hg, na kwa kanuni ya kuzidisha f′ = h′g + hg′. Hamisha hg′, gawanya kwa g, weka f/g mahali pa h: h′ = (f′g − fg′)/g². Alama ya kutoa imetokana na kule kuhamisha, basi. Ukigawanya tena kwa h, maana inajitokeza: h′/h = f′/f − g′/g. Ukuaji wa sehemu ni ukuaji wa kiasi ukitoa ukuaji wa asili. Chukua pato la kila mtu, yaani pato la taifa likigawanywa kwa idadi ya watu. Kwa mujibu wa sensa ya 2022, Watanzania waliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka tangu 2012. Kwa kasi hiyo, uchumi ukikua kwa asilimia 5, pato la kila mtu hukua kwa takriban asilimia 1.8 tu; ukikua kwa 3, pato hilo linashuka, hata kama takwimu za taifa zinapanda.

Msomaji makini atapinga: tumechukulia tangu mwanzo kwamba h ina derivativu. Pingamizi ni la haki. Tofauti ya 1/g(x+k) na 1/g(x) ni [g(x) − g(x+k)] / [g(x)g(x+k)]. Igawanye kwa k, kisha k ikaribie sifuri: juu inabaki −g′, chini g mara g. Kwa hiyo 1/g ina derivativu popote g isipokuwa sifuri, na f/g ni f mara 1/g, hivyo kwa kanuni ya kuzidisha nayo inayo. Wapo watakaosema mtihani hauna muda wa haya. Lakini hatua zile za kuhamisha ni fupi mno, na alama iliyogeuzwa hupoteza maksi. Kabla ya toleo lijalo, jaribu x/(x² + 1): jibu likiwa sahihi, litakuwa sifuri x inapokuwa 1.