Mazingira Tengefu katika Seva ya Pamoja: Istilahi, Utendaji na Hatima ya Matini za Mrima

1. Utangulizi

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichohaririwa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maelezo yake ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Jina kamili la kitabu hicho lina maneno Wasuaheli, khabari na sheri'a. Msomaji wa leo huyatambua bila taabu kuwa ni Waswahili, habari na sheria. Kompyuta haina utambuzi huo. Programu ya kuchanganua maneno iliyotungwa kwa kufuata tahajia ya leo huyahesabu kuwa ni makosa au, jambo lililo baya zaidi, huyasahihisha kimyakimya.

Mhadhara huu unafafanua njia mojawapo ya kuzuia hasara ya namna hiyo pale ambapo watafiti wengi hutumia kompyuta moja. Njia yenyewe ni kumpa kila mtafiti mazingira yake ya kazi, yaliyotengwa na ya wenzake, ndani ya seva ya pamoja. Hoja kuu ni kwamba utengaji huu si suala la mafundi peke yao, kwani unahusu uhalali wa matokeo ya utafiti wa lugha.

2. Tatizo la Seva ya Pamoja

Na ichukuliwe mfano wa watafiti wawili wanaotumia seva moja. Wa kwanza anachanganua matini ya mwaka 1903 kwa kanuni alizozitunga kwa ajili ya tahajia ile ya kale. Wa pili anachanganua magazeti ya leo. Kila mmoja ana programu yake, lakini programu zote mbili hutegemea maktaba ileile ya programu iliyosakinishwa kwa ajili ya seva nzima. Siku moja wa pili anaomba maktaba hiyo ibadilishwe kwa toleo jipya. Ombi lake ni la haki, na msimamizi wa seva analitekeleza.

Kuanzia hapo kazi ya mtafiti wa kwanza inaweza kupatwa na moja ya mambo mawili. Programu yake inaweza kugoma, na hilo ni tatizo dogo, kwa kuwa linaonekana. Au inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikitoa hesabu tofauti na za jana. Hili ndilo la kuhofiwa, kwa sababu mtafiti hana dalili ya kumwonya, na matokeo aliyokwisha kuyachapisha hayawezi tena kurudiwa.

Ikumbukwe kuwa lugha ya Kiswahili imewahi kupitia uamuzi wa kanuni moja kwa wote. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia. Kimrima, lahaja ya pwani inayoelekeana na Unguja, kilibaki nje. Uamuzi ule ulijadiliwa na kuandikwa. Seva yenye kanuni moja kwa wote huweza kuurudia uamuzi wa aina hiyo kila siku bila mjadala wala maandishi.

3. Suala la Istilahi

Istilahi inayoelekea kushika mizizi ni mazingira pepe. Neno pepe limezoeleka kutokana na barua pepe, ambamo linasimamia dhana ya kielektroniki. Katika mashine pepe linasimamia dhana nyingine, yaani kitu kinachotenda kama kwamba kipo ingawa hakina umbo lake la pekee. Kwa hiyo, mazingira pepe peke yake yaweza kufahamika kuwa ni mazingira yoyote ya kompyuta, na sifa muhimu ya utengaji ikapotea.

Upo msamiati uliokwisha kukomaa pwani. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, kaskazini mwa Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Leo vinasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Maji yanayovizunguka ni yaleyale ya bahari nzima, wala hakuna ukuta uliojengwa baharini. Kinachovitenga ni mpaka uliowekwa kwa kanuni, pamoja na msimamizi anayehakikisha kuwa kanuni hiyo inafuatwa. Neno tengefu, basi, linafaa sana hapa: mazingira tengefu ni sehemu ya seva inayotumia rasilimali za wote lakini ina mipaka na kanuni zake yenyewe.

4. Namna Yanavyofanya Kazi

Utengaji una daraja tatu. Daraja la kwanza ni la lugha ya programu. Kwa watumiaji wa Python, zana ya virtualenv ilianza mwaka 2007, na nyingine iitwayo venv ikaingizwa katika Python 3.3 mwaka 2012. Zana hizi huunda folda yenye maktaba zake, na programu huelekezwa kutafuta humo kwanza. Ni jepesi na linatosha kwa kazi nyingi za lugha. Hata hivyo, halimzuii mtu kusoma wala kufuta faili za mwenzake. Hiyo hubaki kazi ya idhini za mfumo endeshi.

Daraja la pili ni kontena. Asili yake ya mbali ni amri ya chroot iliyotokea katika Unix mwaka 1979, ambayo huifanya programu ione folda moja kana kwamba ndiyo diski nzima. Katika Linux, kiini cha mfumo endeshi huipa kila kontena orodha yake ya michakato na mpangilio wake wa faili. Tangu mwaka 2008 kiini hicho huweza pia kuwekea kundi la michakato kikomo cha kumbukumbu na cha muda wa kichakataji. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ilieneza matumizi ya kontena. Lakini katika seva ya pamoja ina tahadhari yake: kumruhusu mtumiaji kuiendesha kwa njia yake ya kawaida ni sawa na kumpa mamlaka ya msimamizi mkuu. Ndiyo maana kompyuta nyingi za utafiti hutumia Apptainer, ambayo humwacha mtumiaji na idhini zake zilezile.

Daraja la tatu ni mashine pepe, yenye kiini chake yenyewe. IBM ilitoa mfumo wa aina hii, VM/370, mwaka 1972. Utengaji wake ni madhubuti zaidi, na gharama yake ya kumbukumbu na diski ni kubwa zaidi.

5. Usimamizi

Kuunda mazingira tengefu ni kazi ya dakika chache. Kuyatunza ndiko kwenye kazi. Kwanza, kila mazingira yawe na jina, mwenyewe, kusudi na tarehe. Yasiyo na mwenyewe hujaza diski, na hakuna anayethubutu kuyafuta. Pili, iandikwe orodha ya matoleo kamili ya kila maktaba. Mazingira ya venv hayahamishiki kwa kunakiliwa, kwa kuwa ndani yake zimeandikwa anwani za folda yalimoundwa. Kinachohifadhiwa ni orodha, na mazingira huundwa upya kutokana nayo.

Tatu, matini zikae nje ya mazingira, mahali pa kusomwa tu pasipoweza kuandikwa. Matini ya mwaka 1903 ibaki na khabari yake. Kila mtafiti aitafsiri kwa kanuni zake bila kuigusa. Nne, Python ya mfumo wenyewe isiguswe. Tangu mwaka 2023 Debian 12 hukataa usakinishaji wa kawaida wa pip nje ya mazingira tengefu, na kikwazo hicho hakifai kukwepwa. Tano, mazingira yafutwe na kuundwa upya mara kwa mara kwa majaribio. Yasiyoweza kuundwa upya hayajahifadhiwa.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa utengaji wa mazingira katika seva ya pamoja hulinda mambo mawili: amani baina ya watumiaji, na uwezo wa kurudia matokeo. Kwa mwanaisimu la pili ndilo zito zaidi. Anayedai kuwa umbo fulani la Kimrima limetokea mara kadhaa katika maandishi ya Bagamoyo anapaswa kuonyesha matini, kanuni na matoleo ya zana yaliyompatia hesabu hiyo. Orodha ya matoleo, kwa hiyo, istahili kuambatishwa kwenye tasnifu kama zinavyoambatishwa hojaji na orodha ya watoa taarifa.