Aliyetoa na Aliyepokea

Katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki liko kosa moja la Kiingereza ambalo walimu hulisahihisha kila mwaka, wala halikomi. Mtoto akitaka kalamu ya mwenzake husema, "Borrow me your pen." Mwalimu humkemea, naye mtoto hushangaa, kwa maana amesema kama asemavyo kila siku kwa Kiswahili: "Niazime kalamu yako."

Kosa hili si la uvivu. Waingereza wana maneno mawili. Borrow ni tendo la yule apokeaye kitu ili akirudishe; lend ni tendo la yule atoaye. Asili zao ni mbalimbali: borrow, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa na undugu na neno la dhamana, lend ni ndugu wa loan, yaani kitu chenyewe kitolewacho. Bali sisi twatumia kuazima kwa pande zote mbili. Ukisema, "Nimeazima jembe kwa jirani," ndiwe uliyepokea. Ukisema, "Nimemwazima jirani jembe," ndiwe uliyetoa. Wala si sisi peke yetu: Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, hutumia leihen kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia.

Lakini Kiswahili nacho chapambanua jambo ambalo borrow na lend hayapambanui. Kitu cha kuazima hurudi kile kile: jembe, sufuria, baiskeli. Kitu cha kukopa huliwa au hutumika kikaisha, na kirudicho ni kingine cha kiasi chake: fedha, unga, chumvi. Hapo apokeaye hukopa, na atoaye hukopesha, hakuna mashaka.

Sisi tulijifunza hayo kwa aibu. Mwaka mmoja hapa Kamsamba, karibu na Mto Momba, wanaume wawili majirani walitujia kabla ya mvua, tuwaandikie mapatano yao. Tukaandika katika daftari: "Debe 3 za mbegu ya mpunga, za kuazimana, kati ya fulani na fulani. Zirudi wakati wa mavuno." Tulidhani tumeandika vema.

Kabla ya mavuno mmoja wao akafa. Baada ya matanga, nduguze walimwambia mjane kwamba marehemu alikuwa na deni la mpunga, nalo litatoka katika ghala lake. Mjane akajibu, "Sivyo, shemeji. Mume wangu ndiye aliyetoa." Akatugeukia, akasema, "Mwalimu, tusomee." Tukafungua daftari, tukasoma, tukasoma tena. Maneno yetu wenyewe hayakusema nani alitoa wala nani alipokea. Mama yule alikuwa na watoto wanne, na debe 3 zilikuwa chakula chao cha siku nyingi.

Jirani alikuwa ng'ambo ya mto. Akaitwa, akaja jioni, akasikiliza, kisha akasema, "Mimi ndimi niliyepokea. Nitalipa mimi." Hivyo mjane aliokoka kwa uaminifu wa mtu mmoja, wala si kwa maandiko yetu. Je, kama jirani yule naye angalikuwa amekufa?

Basi twawaomba walimu, mtoto asemapo, "Borrow me," msimcheke. Mwulizeni kwanza, "Kalamu inatoka kwa nani, na inakwenda kwa nani?" Akiisha kujibu, mpeni neno lake: inakotoka ni lend, inakokwenda ni borrow. Atakumbuka.

Nanyi wazazi, mnapopatana na jirani, andikeni mambo matano: nani ametoa, nani amepokea, kitu gani, kiasi gani, na kirudi lini. Kama ni mbegu au fedha, andikeni "amekopa" na "amekopesha". Kama ni jembe, andikeni "amepewa kwa kuazima, atarudisha lile lile". Kila mmoja na awe na nakala yake, na mke wa kila nyumba asomewe.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Penye matanga ya kweli, mwenye kujua mapatano huenda hayupo tena. Daftari na liseme badala yake.