Chuma Kichokapo

Katika njia itokayo Pugu kwenda Chanika hupita malori mengi, na baadhi yake hujaa mchanga wa kujengea. Watu wengi wakitazama lori hudhani ya kuwa nguvu zake zote zi katika injini. Sivyo. Mzigo wote umelala juu ya mihimili miwili mirefu ya chuma, iitwayo chesisi. Nayo ikivunjika njiani, dereva na utingo wake wamo hatarini, hata injini iwe njema namna gani.

Twaa kijiti kibichi, ukiweke juu ya mawe mawili, kisha ukikandamize katikati. Upande wa chini huvutwa, upande wa juu hubanwa. Nguvu hiyo ya kuvuta au kubana ndani ya kitu huitwa mkazo. Katikati ya unene wa kijiti mkazo ni mdogo sana, na kwa hiyo waundaji wa malori huweka chuma kingi juu na chini ya mhimili, na ubavuni kidogo. Tena haifai kabisa kutoboa tundu katika ukingo wa juu au wa chini, kwa maana mkazo husongamana kando ya tundu, kama maji ya mto yaendavyo kasi yakipita kando ya jiwe.

Liko jambo la ajabu zaidi. Waya usiokatika kwa kuvutwa na mikono hukatika upesi ukipindwa huku na huku. Mwaka 1842 ekseli ya gari la moshi ilivunjika huko Meudon, karibu na Paris, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye Mjerumani August Wöhler alitengeneza mashine za kupinda ekseli tena na tena, mara elfu nyingi, akihesabu. Akaona ya kuwa chuma kichukuacho mzigo mkubwa mara moja bila kudhurika, huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo uliorudiwa mara nyingi. Ufa huanza mwembamba kuliko unywele, nao hukua kidogo kidogo.

Wahandisi hupimaje mkazo? Hubandika juu ya chuma waya mwembamba upitishao umeme. Chuma kikivutwa, waya nao hurefuka, umeme ukapita kwa shida zaidi, na chombo huonyesha. Kipimo hiki kilibuniwa Marekani mwaka 1938 na Simmons na Ruge, kila mtu peke yake. Siku hizi kompyuta huigawanya sura ya gari katika vipande vidogo maelfu, ikakadiria mkazo wa kila kimoja kabla gari halijaundwa.

Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairuhusu gari na mzigo wake kuzidi tani 56 pasipo kibali. Lakini mizani ya barabarani, kama ile ya Vigwaza, hupima uzito tu, ufa haiuoni. Fundi mwangalifu huutafuta mwenyewe. Hupaka chuma mafuta ya taa, hukifuta mpaka kikauke, hupaka unga wa chaki, kisha hugonga kwa nyundo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka, na mstari wa unyevu huonekana juu ya weupe.