Kuiga na Kuigiza: Kicheko cha Mchezo katika Filamu na katika Kiswahili cha Kongo

Utangulizi

Mwezi wa Aprili 2019 picha moja iliyopigwa Rumangabo, kaskazini ya Goma, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliwachekesha watu wa nchi nyingi. Ndani yake gorila wawili, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima nyuma ya mlinzi wa hifadhi kama watu wanaopigwa picha ya ukumbusho. Wakuu wa hifadhi walieleza kwamba wanyama hao, waliolelewa na binadamu baada ya mama zao kuuawa mwaka 2007, walikuwa wakiiga mwenendo wa walezi wao.

Gorila hao waliiga, lakini hawakuigiza. Vitenzi hivi ni vya shina moja, cha pili kikiwa kimeongezwa kiambishi cha utendeshi -iz-. Hata hivyo, umbali wa maana baina yao si mdogo. Anayeiga huhitaji macho tu. Anayeigiza huhitaji wenzake waliokubaliana naye kwamba kwa muda fulani yeye si yeye, na watazamaji wanaoyajua makubaliano hayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makubaliano hayo ndiyo chanzo cha kicheko katika vichekesho vya wachezaji, viwe vya Marekani au vya Lubumbashi, na kwamba jambo hilo lina uzito kwa mtafiti wa Kiswahili cha Kivu.

Wachezaji wa mezani

Mfano ulio dhahiri ni filamu ya Kimarekani iitwayo The Gamers, ya mwaka 2002. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo na kundi la vijana lililoanzia katika Chuo Kikuu cha Pacific Lutheran, jimbo la Washington, chini ya uongozi wa Matt Vancil. Inahusu mchezo wa mezani wa aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo watu huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi na mwamuzi; kila mmoja wa wengine huchukua nafsi ya mtu wa kubuni, kama vile askari, mchawi au mwizi, na kutamka kwa maneno kile ambacho mtu huyo anafanya. Dadu ndizo huamua kama amefaulu.

Filamu inaonyesha pande zote mbili kwa zamu: wanafunzi wakibishana bwenini, na mashujaa wao wakihangaika katika nchi ya kubuni. Mchezaji mmoja hakufika, kwa hiyo shujaa wake anasimama kama gogo wakati wenzake wanapambana. Mwizi naye anamwibia mtu suruali aliyoivaa bila mwenyewe kuhisi, kwa sababu tu dadu zimekubali. Mtazamaji aliyewahi kuucheza mchezo huo hucheka kwa kutambua. Asiyeujua hucheka pia, na kwa kucheka hujifunza kanuni moja baada ya nyingine, hata mwisho wa filamu akawa kama mmoja wa walioketi mezani. Raha ya filamu hii imo katika kumwona mchezaji na mhusika wake kwa wakati mmoja, pasipo mmoja kumficha mwingine.

Mswahili hahitaji kushawishiwa kwamba mambo hayo mawili yana undugu. Neno mchezo hutumika kwa bao na karata, na hutumika vilevile kwa kinachofanyika jukwaani. Lugha yenyewe imekwisha kukiri kwamba tamthilia ni jambo lenye kanuni, zamu na wachezaji.

Kundi la Mufwankolo

Kwa upande wa Kongo, mfano ulioandikwa kwa kina kirefu zaidi hautoki Kivu bali Katanga, ambako Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa, ni lugha ya kazini na ya mtaani. Kundi la vichekesho la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana kwa miaka mingi katika redio na televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana nalo lilipokuwa likitunga mchezo kutokana na msemo usemao kwamba madaraka huliwa mazima. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1990.

Kundi hilo halikuwa na maandishi ya kukariri. Kwanza walijadiliana maana ya msemo, kisha wakapanga mfuatano wa matukio na kugawana nafasi. Maneno kila mmoja aliyazua mwenyewe papo hapo, kwa Kiswahili cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa. Mchezo huo, uliohusu kijiji na chifu wake, ulichezwa katika kijiji cha Kawama na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Ikumbukwe kwamba hayo yalifanyika chini ya utawala wa Mobutu, uliodumu tangu 1965 hadi 1997, na wa chama kimoja kwa sehemu kubwa ya muda huo. Msemo wenyewe una makali pande mbili: waweza kumsifu mtawala asiyegawa madaraka yake, nao waweza kumuumbua. Mwananchi aliyeuliza hadharani ni nani anayeyala madaraka hayo angejitia hatarini. Mwigizaji aliweza kuuliza, kwa kuwa aliyesema alikuwa mwanakijiji wa mchezo. Kicheko cha watazamaji kilikuwa ushahidi kwamba makubaliano yameeleweka.

Umuhimu kwa Kivu

Rumangabo imejulikana katika filamu kwa sura nyingine. Filamu ya Virunga ya Orlando von Einsiedel, ya mwaka 2014, inawaenzi walinzi wa hifadhi na walezi wa gorila yatima wakati wa vita vya 2012. Vita hivyo vilirudi: kundi la M23 liliitwaa kambi ya jeshi ya Rumangabo mwezi wa Oktoba 2022, na mji wa Goma mwezi wa Januari 2025. Si ajabu, basi, kwamba kamera zinazofika huko hutafuta ushuhuda na maombolezo.

Ushuhuda huo ni wa lazima. Lakini mtafiti anayeutegemea peke yake atakipata Kiswahili cha Kivu kikiwa kinajibu maswali ya mgeni tu. Hatasikia namna watu wanavyotaniana, wanavyomkejeli mwenye cheo, wanavyobadili lugha katikati ya sentensi ili kujifanya afisa au mwalimu. Mambo hayo hupatikana katika vichekesho, navyo havidai gharama kubwa, kama The Gamers na Mufwankolo walivyothibitisha. Mjini Goma kituo cha Yole!Africa kimewahi kuwafundisha vijana utengenezaji wa filamu, kwa hiyo ujuzi si mgeni huko.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa isimu na fasihi wanaoshughulikia Kiswahili cha mashariki ya Kongo wakusanye vichekesho vilivyorekodiwa, wavinukuu kwa lugha ilivyotamkwa bila kuisanifisha, na waonyeshe katika kila tukio ni nani anayesema: mchezaji, mhusika, au wote wawili. Fabian aliyachapisha maneno ya Mufwankolo kwa njia hiyo, na ndiyo sababu yanaweza kusomwa hadi leo.